Mwaka Tuliochagua Kitabu cha Sayansi

Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu kwenye maonyesho ya vitabu vya wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani. Yalifanyika katika ukumbi wa kanisa moja kubwa, nusu saa kwa gari kutoka kwetu Euless, kitongoji cha Dallas. Binti yangu ana miaka sita, na mimi na baba yake tumekubaliana aanze kusomea nyumbani mwezi wa nane. Vitabu vya kusoma na vya hesabu tulikuwa tumekwisha kuchagua. Ilibaki sayansi. Nilitaka kitabu cha Kikristo, cha kumweleza mwanangu habari za mbegu na nyota bila kumsahau aliyeziumba. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Halafu nikaviona. Vilikuwa viwili, vimelala ubavu kwa ubavu kwenye meza ya vitabu vilivyokwisha kutumika. Kimoja kilikuwa na jalada la kijani lenye picha ya bustani, kingine cha buluu chenye mkono wa mtoto ulioshika lenzi. Sikuwa nimeviona tangu utotoni.

"Mommy, which one?" binti yangu akauliza.

Nilimshika mkono tukarudi garini, nikakaa nyuma ya usukani bila kuwasha gari, yeye akidhani tumbo linaniuma.

Ngoja nikusimulie, maana hili sijapata kumsimulia mtu kwa ukamilifu.

Nilikulia Houston, mtaa wa Sharpstown, katika apatimenti za ghorofa mbili zilizozunguka bwawa la kuogelea lisilo na maji. Baba aliendesha malori ya masafa marefu; tulikuwa naye siku mbili tatu, kisha barabara inamchukua tena. Mama, mzaliwa wa Nakuru, alihudumia wazee katika nyumba ya wazee, akiondoka alfajiri na kurudi alasiri miguu imevimba. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mwanamke Mkongomani na binti yake wa rika langu. Kule Uvira mama huyo alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka vita ilipomkimbiza, na jengo zima, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mwalimu. Binti yake ndiye aliyekuwa rafiki yangu.

Rafiki yangu alianza shule kabla Kiingereza hakijamkaa mdomoni. Watoto walimcheka, akanyamaza. Alinyamaza hata nyumbani. Mwalimu akamtoa shule. Mama alipoona hivyo, naye hakuwa na raha na shule ile, wakapatana. Asubuhi Mwalimu atatufundisha sote wawili kwenye meza yetu. Jioni, yeye akienda ghalani kupakia maboksi, Mama atatutunza. Mambo ya Kiingereza na ya kuendesha gari yatakuwa ya Mama. Hakuna aliyeandika chochote. Walikunywa chai, wakaomba, ikawa ndiyo shule.

Mwaka wa kwanza sayansi haikuwa na kitabu. Tulichambua maharagwe ya mchana na kuyapanga kwa rangi, kisha tukayaotesha mengine kwenye pamba yenye maji. Tulikaa nje tukihesabu nyufa za lami na kuchora siafu. Tulibeba nguo kwenda chumba cha kufulia, na Mwalimu akatuuliza maji ya nguo zinazokauka yanakwenda wapi. Kiyoyozi cha dirishani kilinguruma siku nzima kama mzee anayekoroma, na jikoni sombe, majani ya muhogo ya Kikongo, ilichemka polepole, harufu yake ikishuka ngazi mpaka kwa majirani wa Honduras waliokuja kuuliza tunapika nini. Tukikimbilia kujibu swali, Mwalimu alitugusa paji la uso kwa kidole, akasema: "Macho kwanza, mudomo nyuma."

Mama naye alikuwa na msemo wake. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akatuuliza tumejifunza nini, na tulipomaliza kueleza, akasema, "Bwana asifiwe, sasa leteni hizo chapati." Hao wanawake wawili walicheka pamoja kwa namna ambayo sijaisikia tena. Mama alipougua homa ya mapafu, Mwalimu alimwogesha. Mwalimu alipopata habari za msiba kutoka kwao, Mama alilala kwenye zulia la Mwalimu siku tatu.

Mwaka wa pili Mama alisema watoto wamekua, wanahitaji kitabu. Mke wa pasta wetu akatuelekeza kwenye kanisa moja ambapo vitabu vya kusomeshea nyumbani viliuzwa kwa bei ya chini. Tulikwenda sote wanne katika gari la Mama. Na pale mezani ndipo vilipokuwa, kile cha kijani na kile cha buluu.

Vyote viwili viliandikwa na Wakristo. Vyote vilianza kwa sifa za Mungu. Ila cha kijani kilisema dunia ni changa, iliumbwa kwa siku sita kama hizi zetu, na mwisho wa kila sura kulikuwa na majibu ya kukariri. Cha buluu kilisema Mungu aliumba, lakini huenda kwa muda mrefu usiohesabika, na kilijaa majaribio ya kufanya kwa mikono.

Mwalimu alikiinua cha buluu. "Hii kitabu inauliza batoto," akasema. "Ile ingine inajibu tu."

"Mtoto ni wa kujibiwa, dada," Mama akasema. "Maswali ataulizwa na dunia. Mimi siwezi kumlisha mwanangu mashaka."

"Mashaka hapana sumu, dada yangu."

Mama alinyoosha mkono mezani. Alichukua cha kijani. Mwalimu alikitazama kile cha buluu mara moja tena, akakirudisha taratibu mahali pake, akakiweka sawa na vingine. Njiani walizungumza habari za mvua.

Lazima niseme hili kwa haki: Mwalimu alikifundisha kitabu cha kijani kwa uaminifu. Alikisoma kwa kamusi, sentensi kwa sentensi, kalamu nyekundu mkononi, na hakuruka ukurasa hata mmoja.

Siku moja mimi na rafiki yangu tuliokota jiwe kwenye mawe meupe yaliyomwagwa mbele ya ofisi ya apatimenti. Ndani yake kulikuwa na kombe la baharini, mistari yake yote imekamilika, lakini lenyewe jiwe tupu. Tulimkimbilia Mwalimu. Bahari iliingiaje ndani ya jiwe? Alilishika muda mrefu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mi sijue," akasema. "Hii kitabu yetu inasema ni gharika ya Nuhu. Wakristo wengine banasema ni zamani sana kupita hesabu. Mungu ndiye alikuwako. Sisi tuangalie muzuri, tumushukuru."

Kisha akatuambia tulichore. Rafiki yangu alichora vizuri. Mimi nilichora haraka, mistari ikanipotea. Mwalimu akausifu mchoro wa binti yake, wangu akaurudisha mbele yangu. "Weye haukuangalia. Anza tena." Hakuwa amekasirika. Lakini nilikuwa na miaka minane, na niliona kwamba anampenda mwanawe kuliko mimi, kana kwamba hilo lilikuwa kosa.

Jioni Mama alikuwa anaosha mchele. Akaniuliza, kama kawaida, tumejifunza nini.

"Mwalimu amesema kitabu chetu ni cha uongo," nikasema.

Mkono wa Mama ulisimama ndani ya maji. Nilijua papo hapo kwamba nimefanya jambo kubwa. Nilikuwa na muda wa kulirudisha, ningesema tu, "Hapana, hakusema hivyo." Mchele ulikuwa bado haujaingia sufuriani. Sikusema.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Mama alimkuta Mwalimu katika chumba cha kufulia, akikunja shuka pamoja na akina mama wengine. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumekaa juu ya mashine, tukisikia mtetemo wake mapajani. Mama hakumsalimia.

"Ulikimbia vita ukapokewa hapa," akasema. "Nikakupa meza yangu, nikakupa mtoto wangu. Na wewe ukaona umwibie imani yake?"

Akina mama wote waliacha kukunja. Mwalimu hakuelewa, nilimwona akitafuta usoni mwa Mama kitu cha kushika.

"Miye nimesema nini?"

"Umemwambia mwanangu kitabu cha Mungu ni cha uongo. Amesema mwenyewe."

Ndipo Mwalimu akanigeukia. Msomaji wangu, macho yale sijayasahau. Hayakuwa na hasira. Alinitazama jinsi alivyolitazama lile jiwe, polepole, mpaka akajua. Neno moja tu lingetosha kuniumbua mbele ya watu. Binti yake alikuwa pale, angeshuhudia.

"Mutoto amesikia vile amesikia," akasema. Akamalizia shuka yake, pembe kwa pembe, akamshika binti yake mkono wakatoka.

Shule yetu iliisha hapo. Rafiki yangu alirudishwa kwenye shule ya mtaa. Mimi nilisomea peke yangu, kitabu cha kijani wazi mbele yangu, Mama akinisahihishia jioni huku akisinzia. Tuliishi mlango kwa mlango miezi minne bila salamu. Kisha Mwalimu akapata kazi katika kiwanda cha nyama, majimbo ya baridi kaskazini, wakahama. Baadaye nasi tukahamia huku Dallas. Watu wazima wakaendelea na maisha yao, na mimi nikakua na lile neno likikua ndani yangu.

Baada ya ile Jumamosi ya maonyesho, niliamua kuwatafuta. Kuna kanisa la Wakongomani Fort Worth, na mke wa mchungaji wao alijua mtu anayejua mtu. Siku ya tatu nilikuwa na namba ya simu ya rafiki yangu.

Alinijibu kwa Kiingereza. Kiswahili, alisema, kimemtoka. Anakielewa kidogo tu. Alifurahi kunisikia. Aliyakumbuka maharagwe kwenye pamba, na chapati za Mama. Nikauliza habari za Mwalimu, akasema alifariki, majira ya baridi mawili yaliyopita, kwa saratani. Nikalia. Nikamweleza juu ya jiwe, na neno langu, na chumba cha kufulia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

Hakukumbuka hata kimoja. Alijua walihama kwa sababu ya kazi. Mama yake hakuwahi kuwasema vibaya; alipotutaja, alitutaja katika maombi, kwa majina.

Nilikata simu bila msamaha niliokuja kuuomba, na hakuna aliyebaki wa kunipa.

Isipokuwa Mama. Mama anaishi nasi sasa. Magoti yake yamekataa zamu za kazini. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, nikakaa mbele yake, nikasema kwamba Mwalimu amekufa, na kwamba siku ile nilidanganya.

Alimenya kiazi kizima bila kuinua uso.

"Alisema nini hasa?"

Nikamwambia, neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile cha Mwalimu.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Mama."

Akaweka kisu chini. "Hata mimi ningesema hivyo," akasema.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Akasema, kama anayezungumza na viazi, "Siku wanahama alikuja kugonga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilimsikia akipumua. Sikufungua."

Nimeagiza kitabu cha buluu. Binti yangu atakianza mwezi wa nane. Nitamfundisha mwenyewe, maana hapa Euless sijui jina la mtu yeyote kwenye ngazi zetu. Kila mmoja anaingia garini na kuondoka. Nyumba ambamo watoto wawili walilelewa na wanawake wawili, mmoja kwa asubuhi na mmoja kwa jioni, sijaiona tena tangu ile yetu. Sikujua kwamba ni kitu adimu. Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi.

Houston ni saa nne tu kutoka hapa, na zile apatimenti bado zipo. Mara mbili wiki hii Mama ameniomba nimpeleke. Mara zote mbili amevaa, amechukua mkoba, amefika mpaka mlangoni, kisha akaniuliza tukifika tutamgongea nani.