Wali wa Pekeangu

Ofisini walimwita Mzee Vichwa. Siku ya kwanza alipomtajia mkewe jina hilo kwenye simu, mkewe aliuliza, "Vichwa vingapi tena? Hicho kimoja nilichoolewa nacho bado hakijanielewa." Kazi yake ilikuwa kuandika vichwa vya makala za blogu ya mambo ya nyumbani: kufua, kupika, kupanga chumba, kufukuza wadudu. Makala zenyewe waliandika wengine. Yeye aliketi karibu na dirisha, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, akingoja makala ije kichwa wazi naye aivishe.

Kabla ya hapo alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, akisoma vitabu vya watu kabla havijaingia mashineni, akiwinda herufi zilizokosewa. Kiwanda kilifungwa, lakini macho yake hayakupata habari hizo. Akipita kwa kinyozi mwenye kibao cha "tunanyowa hapa", hapati raha mpaka akunje kona.

Kuandika vichwa hakukumjia kirahisi. Makala ya kwanza aliyopewa ilihusu kunguni. Aliipa kichwa "Wageni Wasioalikwa", akakitazama, akakipenda. Wiki nzima waliokifungua walikuwa watu wenye harusi, waliotaka kujua namna ya kuwazuia mlangoni wasio na kadi. Mkuu wa blogu, msichana wa umri wa kitindamimba wake, alivuta kiti akakaa kando yake.

"Mzee wangu, mtu anayeumwa na kunguni hana muda wa mafumbo. Anaandika nini kwenye simu?"

"Kunguni."

"Wako wapi?"

"Kwenye godoro."

"Anataka kuwafanya nini?"

"Kuwaua."

"Na anaogopa nini?"

Hilo alilifikiria. "Anaogopa ataambiwa alitupe godoro."

"Basi kichwa chako ndicho hicho, umekisema mwenyewe."

Kikawa "Jinsi ya Kuua Kunguni kwenye Godoro Bila Kulitupa", nacho kilisomwa mpaka wenye duka la chini wakapanda kulalamika.

Akajifunza. Neno analotafuta mtu likae mbele, maana la nyuma hukatwa na kioo cha simu. Kichwa kisiahidi ambacho makala haina. Na jambo la tatu, ambalo hakufundishwa na yeyote: nyuma ya kila swali kuna mtu amesimama jikoni au bafuni, simu mkononi, na ndani ya nyumba hakuna wa kumuuliza.

Kitu kimoja tu alikataa katakata. Watu wengi huandika kwa haraka na kukosea, na mashine ya kutafutia huwapeleka palipoandikwa kama walivyoandika. Mkuu alimbembeleza mara kadhaa aweke makosa hayo kwenye vichwa, japo machache.

"Kosa ni kosa, binti yangu, hata likiandikwa na mji mzima."

"Haya, mzee wangu. Tubaki na usafi wetu, wasomaji waende kwingine."

Nyumbani kwake kulikuwa kimya. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao mkubwa, aliyejifungua mapacha katika nchi nyingine, amsaidie mpaka watoto wakaze shingo. Watoto walikaza shingo, wakakaa, wakatambaa, sasa walikuwa wakikimbia, na bibi yao bado alikuwa hukohuko. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomshinda kuwaeleza watu. Wangekuwa wamegombana, angalau angekuwa na la kusimulia.

Wali ndio uliomtesa. Sufuria ndogo kuliko zote pale nyumbani ilikuwa ya watu watano, na mkono wake haukujua kuteka mchele mdogo. Kila jioni alipika, akala, akafunika uliobaki, na asubuhi ule uliobaki ulimtazama.

"Umekula?" mkewe aliuliza kwenye simu.

"Nimekula wali."

"Umebaki?"

"Umebaki."

"Punguza mchele, baba watoto."

"Nipunguze mpaka wapi? Niambie kipimo."

"Unajua mimi sijawahi kupika wali wa mtu mmoja? Kwa mama tulikuwa wengi, nikatoka pale nikaja kwako, tukawa wengi tena. Nilikuwa nakadiria tu." Nyuma yake maji yalimwagika na mtoto akalia. "Ngoja, huyu kaingia kwenye beseni na viatu. Nakupigia sasa hivi."

Hakupiga, naye hakumlaumu. Mtoto akiingia kwenye beseni na viatu, jioni yote huwa imekwisha.

Akaiuliza simu. Simu ikampeleka kwenye blogu yao wenyewe, kwenye kichwa alichokiandika kwa mkono wake: "Jinsi ya Kupika Wali Usioshikana kwa Watu Sita". Akagawa kila kitu kwa sita, akapata uji. Kesho yake akapunguza maji, akapata mkaa. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kuwasha jiko, aliuliza upya, pengine kuna mtu ameandika.

Siku ya kupanga makala alijikaza, akasema wanahitaji makala ya kipimo cha wali wa mtu mmoja. Mkuu akafungua ukurasa wa ndani unaoonyesha maneno watu waliyoandika hadi wakaifikia blogu. Akashusha chini, akaliona swali, akaanza kucheka kabla hajalisoma kwa sauti.

"'Je, kipimo cha wali wa mtu mmoja ni kipi?'"

Chumba kizima kikageuka kumtazama.

"Limeandikwa na 'Je' mbele," alisema mpiga picha, "na mkato baada yake, na alama ya kuuliza. Nani duniani anaiamkia simu yake vizuri hivyo? Mzee Vichwa, toka ujisalimishe."

Walicheka, naye akacheka nao, maana ilichekesha. Mkuu alipunguza sauti. "Mzee wangu, hatuwezi kuandika makala ya msomaji mmoja. Tena msomaji mwenyewe tumekaa naye."

"Ni kweli," alisema. Wakaendelea na mapazia.

Wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki mezani. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kama kweli ni yeye peke yake. Aliufungua ule ukurasa akaanza kushuka, akapita yale wanayouliza wengi, akapita wanayouliza wachache, akafika chini kabisa ambako hakuna mtu ofisini aliyewahi kuwa na sababu ya kufika. Pale palikuwa na maneno haya:

"wali wa pekeangu maji kiasi gani"

Na chini yake:

"mbona wali wa pekeangu kila siku unabaki"

Huyu hakuwa yeye. Hata akiwa na homa, hata akiwa nusu usingizini, kidole chake kisingekubali kuandika "pekeangu". Alikuwa amelipasua neno hilo kwa kalamu nyekundu katika vitabu visivyohesabika: peke, halafu nafasi, halafu yangu. Sasa alilitazama lilivyobanwa, herufi zimeegemeana, hakuna mwanya hata wa mtu kupita, na kwa mara ya kwanza hakuona pa kuweka kalamu.

Kuna mwingine, aliwaza. Yuko mahali fulani, na wali wake unabaki.

Mkuu aliporudi alimkuta amesimama kando ya meza yake.

"Ile makala nitaiandika mwenyewe, nikimaliza kazi zangu."

"Mzee wangu, si tumeongea?"

"Na kichwa ninacho. 'Wali wa Pekeangu: Kipimo cha Mchele na Maji Usibaki'."

Mkuu alimkazia macho. "Pekeangu?"

"Pekeangu."

"Neno moja?"

"Neno moja."

"Unaumwa?"

"Nikiliandika sawasawa, hataliona."

Hakumuuliza ni nani. Huenda usoni pake palikuwa na kitu, au huenda na yeye, msichana mwenye simu isiyonyamaza, alikuwa na jioni zake. "Andika," alisema.

Lakini kichwa kisiahidi ambacho makala haina, na kipimo chenyewe hakuwa nacho. Akaenda dukani kutafuta sufuria.

"Nataka iliyo ndogo kuliko zote."

"Ya mjukuu kuchezea?" muuzaji aliuliza.

"Ya kupikia."

"Ya watu wangapi?"

Swali lilikuwa la kibiashara tu, lakini alichukua muda kulijibu. "Mmoja," alisema, na muuzaji akapanda ngazi, akaishusha kutoka rafu ya juu, akaipuliza vumbi.

Jioni zilizofuata alipika kama mtu anayesahihisha prufu za kitabu kabla hakijachapwa, akirudia palepale mpaka pakae sawa. Akakipata: mchele nusu kikombe cha chai, maji kikombe kasoro kidogo, moto mdogo, kifuniko kisifunuliwe kwa wasiwasi. Aliandika hayo bila mapambo. Mwishoni aliongeza sentensi moja, akaifuta, akairudisha: "Ukibaki kidogo, si kosa lako, mkono huchelewa kusahau watu."

Makala ikatoka. Mkuu alimwonyesha pale inapojulikana ni watu wangapi wako kwenye ukurasa kwa wakati huo. Jioni ya kwanza, akiwa nyumbani mbele ya kompyuta, aliona moja. Akashtuka kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba simu yake mwenyewe imeifungua makala ile, alikuwa akikagua nukta. Akaifunga. Moja ikawa sifuri.

Jioni iliyofuata sifuri. Na nyingine sifuri. Mkewe alipiga, wakaongea habari za meno ya mapacha, akaulizwa kama wali umebaki, akasema haukubaki. "Umejifunza," mkewe alisema, na kuna kitu kidogo kilishuka katika sauti yake, kama mtu aliyekuta kiti chake kimesogezwa.

Ilikuwa jioni nyingine ya kawaida, jirani wa juu akiburuta meza, alipofungua pale pa kuhesabia wasomaji akaona moja. Safari hii hakufurahi haraka. Akachukua simu, akakuta makala haijafunguliwa humo. Akaizima simu kabisa, akaiweka kifudifudi. Moja ikabaki moja.

Hakujua ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Alijua tu kwamba mtu huyo amesimama mahali penye jiko, na kwamba anasoma polepole.

Akainuka. Akapima nusu kikombe, akaosha mchele, akatia maji, akafunika. Akaigeuza kompyuta ikatazama jikoni. Mvuke ulipoanza kupanda, ile moja ilikuwa bado ipo. Maji yalipokauka ilikuwa bado ipo, naye akapunguza moto, akasimama pale, mikono nyuma, asiguse kifuniko.

Alipokuwa akichukua sahani, ikawa sifuri.

Anapakua, aliwaza. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kula.