Siku Tulipomtafutia Zivana Jina

Nyumba yetu ya Lozells, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, ilinuka kabichi ya kuchemsha na mafuta ya taa. Kabichi ilikuwa ya Bibi Milka wa chini, mjane kutoka Yugoslavia aliyekuwa akisugua na kung'arisha vyuma katika karakana moja ya Hockley. Mafuta ya taa yalikuwa ya hita yetu sisi wa juu, ambayo mama aliiwasha kwa manung'uniko na kuizima kwa manung'uniko. Mpaka leo nikizikuta harufu hizo mbili mahali pamoja, zinanirudisha kwenye baridi ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana wa miaka tisa, mama alipojifungua mtoto wa kike na mtoto huyo akakataa kunyonya.

Kabla yake tulikuwa na Omondi, ndugu yangu, na Omondi tulimzika huko huko Birmingham hata hajajua kukaa. Jina lake halikutajwa tena ndani ya nyumba, ila wote tulikuwa tunamfikiria kila huyu mchanga alipolia. Na alilia, jamani! Mama alikuwa nesi, kutwa nzima aliwatuliza watoto wa watu wodini, lakini wake mwenyewe alimshinda. Daktari alimpima mtoto, akasema haoni ugonjwa, turudi asipoongezeka uzito. Asipoongezeka! Alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, mashavu yamebonyea, sauti inakauka. Baba, Mjaluo wa Siaya, alisema tatizo ni jina. Kwao mtoto mchanga akilia bila sababu, ujue kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Basi hutajwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atanyamaza au atashika titi likitajwa, ndilo lake. Mama alikuwa Mtaita. Walikutana na baba Mombasa, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, na mambo hayo ya kuita marehemu hakutaka hata kuyasikia. "Mtoto ana njaa, hana mzimu," alimwambia baba, na siku kadhaa hawakusemezana ila kupitia kwangu.

Jumapili moja mchana shangazi Adhiambo, dada yake baba, alikuja kwa basi kutoka Bordesley Green, bado amevaa kofia yake ya kanisani. Hakutaka chai. Alimwamuru mama akae kitandani na titi tayari, akasimama mbele yake, akaanza. Achieng, nyanya yetu. Mtoto akapiga kelele. Atieno, aliyekufa kwa kuzaa. Kelele zaidi. Aliita mabibi, akaita mashangazi, akaingia kwa wanaume, na kila jina mtoto aligeuza uso kama amepakwa pilipili. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango nikimwomba Mungu, maana niliamini kabisa kwamba majina yakiisha, mtoto naye ameisha.

"Kuna mtu mmemsahau," shangazi alisema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Au kuna mtu mlimkosea."

Baba akainamisha kichwa, na jina la Omondi hakulitaja. Mama akafoka, "Wifi, inatosha! Mtoto wangu si wa kupigwa mnada!"

Hapo hapo tukasikia hodi. Mwenye nyumba alikwisha tuonya kuhusu kelele, na Lozells ya siku zile mtu mweusi akifukuzwa chumba alihangaika kweli kupata kingine. Baba alifungua mlango huku amekwisha anza kuomba radhi. Kumbe ni Bibi Milka, ana aproni, ameshika bakuli la uji. Hakulalamika. Alimpa mama bakuli anywe, akampokea mtoto bila kuomba ruhusa, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: mmezika mwingine kabla ya huyu?

Mama ndiye aliyejibu. "Ndiyo," alisema, na hapo nikamwona akilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Bibi Milka akatueleza kwamba kijijini kwao nyumba iliyozika haimpi jina mtoto anayefuata. Humtoa njiani, na mpita njia wa kwanza ndiye humpa. "Hapa hakuna njia, kuna ngazi," alisema, "na aliyepanda ni mimi." Akamwita mtoto Zivana, jina la dada yake. Maana yake ni aliye hai. Kwao zamani, alisema, kila nyumba iliyolia sana ilikuwa na Zivana wake.

Shangazi alimkazia macho. "Huyo dada yako amekufa?"

Bibi Milka alishtuka. "Amekufa. Mzee kabisa, ameacha wajukuu."

"Basi anafaa."

"Lakini si wa ukoo wetu, Adhiambo!" baba alisema.

"Wa ukoo wetu nimewamaliza!" shangazi alimjibu kwa ukali. "Unataka nimwite nani sasa?"

Akaliita jina. Mtoto akaendelea kulia. Akaliita tena kwa nguvu, hola. Baba akageukia ukutani. Mama, uji ukiwa umekwisha na machozi yakiwa bado yanamtiririka, alimchukua mtoto mikononi mwa Bibi Milka, akamwinamia, na yeye aliyeyadharau mambo hayo yote akanong'ona, "Zivana. Baki, mwanangu. Nakuomba baki." Kelele zikakatika. Nyuma ya mlango nikasikia koo dogo likimeza.

Mama alisema maisha yake yote kwamba ni uji na kupumzika ndivyo vilivyoteremsha maziwa. Baba alisema ni jina. Walibishana mpaka uzeeni na sikuwaamulia. Mdogo wangu alikua, akawa mbishi kuliko wote wawili. Miaka mingi baadaye alikutana kazini na msichana wa Kiserbia aliyecheka mpaka akakohoa: hilo ni jina la mabibi wa vijijini, siku hizi halipewi mtu, kwani watoto hawafi tena kama zamani. Zivana alirudi amenuna, akamsimulia mama. Mama alisema, "Heri yao."

Sasa binti yangu ni mjamzito, na jina keshachagua. Amelitoa kwenye simu, amelitangaza kwa marafiki, amelibandika kwa herufi za rangi ukutani juu ya kitanda cha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Nilimuuliza maana yake. "Sijui, mama. Nimelipenda tu." Nilikasirika, nikafungua mdomo nimkaripie. Kisha nikautazama uso wake, nikatafuta hata chembe ya ile hofu niliyoiona kwa mama, nisiione. Nikamsaidia kunyoosha herufi ya mwisho.