Nilipokwenda Kulala Chini ya Miti

Kufikia wiki ya tisa ya muhula nilikuwa napiga mswaki nikiwa nimelala. Kazi za kuandika zilikuwa nne, na juu yake kulikuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwa sababu takwimu ziliniangusha muhula uliopita. Barua ya chuo niliikunja mara nane nikaificha kwenye mfuko wa suruali ya jinzi. Mama mdogo, ambaye nilikuwa naishi kwake Kangemi, hakutakiwa kujua. Huyu ni mtu aliyelitangazia soko zima, kuanzia meza yake ya mboga, kwamba mtoto wa dada yake ni "karibu daktari", ingawa nasomea uchumi. Ningemwambiaje?

"Buda, unakaa kama maiti," rafiki yangu wa darasani aliniambia. "Enda Arboretum ulale kwa nyasi, ata kama ni lisaa limoja."

Basi Jumanne asubuhi nikamwambia mama mdogo naenda maktaba kushinda huko. Yeye akasema anaenda soko. Tukaagana mlangoni, kila mtu na kazi yake.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kuhusu waombaji wa Arboretum, ile bustani ya miti ya jiji, hawakusema kitu. Chini ya mti wa kwanza kaka mmoja mwenye suti alikuwa akimfukuza shetani, na kwa nilivyosikia, shetani alikuwa hajaamua kuondoka. Mti wa pili ulikuwa na akina mama watatu wakitembea huku na huku, kila mmoja akimwaga shida zake kwa sauti. Wa tatu ulikuwa na wapenzi. Hao walikuwa kimya, ila ukimya wao haukunihusu. Nilikasirika kweli. Kwani Mungu hasikii mtu akinong'ona?

Mwishowe nikapata nafasi nyuma ya kichaka, nikalala chali. Usingizi ulikuwa umeshanishika miguu niliposikia sauti upande wa pili. Sauti ile huniamsha kila siku saa kumi na moja alfajiri, siwezi kuikosea.

"Baba, unamjua huyu mtoto," mama mdogo alikuwa akisema. "Haamki mpaka aitwe mara tatu. Soksi zake, Baba, wewe mwenyewe umeziona."

Nikakauka kama ubao. Kati yetu kulikuwa na majani tu. Akapita kwenye ulaji wangu, akapita kwenye simu yangu, akafika kwa msichana aliyenipigia wakati wa ibada ya nyumbani. "Kama ni mzuri, Bwana, mwache, lakini apige mchana." Kaka wa suti alikuwa amenyamaza. Nadhani naye alikuwa akisikiliza.

Kisha sauti ikashuka. "Baba, ile hesabu imemwangusha. Barua nilitoa kwa mfuko ya jinzi nikiosha. Anaficha, anaona aibu, na mimi sisemi kitu, nakuambia wewe peke yako. Hii ni siku ya tatu sijaonja chakula. Mtoto halali, Baba. Ijumaa akiingia kwa huo mtihani, mfungue akili. Kwa jina la Yesu."

"Amina!" nikaitikia.

Sikukusudia. Nyumbani kwetu sala ikifika hapo mtu huitikia hata akiwa bafuni, na asiyeitikia huombewa upya, yeye binafsi. Mdomo ulijibu kabla sijauuliza.

Majani yakafunguka. Alikuwa na viatu mkononi, na kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni.

"Si uko maktaba?"

"Si uko soko, Anti?"

Njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo tulikuwa tumeipita wawili. Nilitaka kusema nimekuja kupumzika, nikakumbuka sahani zangu. Jioni mbili nilikuwa nimekula mbele yake nikiamini ameshakula sokoni, tena nikiongeza. Niliona aibu kuliko siku matokeo yalipotoka.

"Nilianguka, Anti. Nikakuogopa."

"Ungeogopa hesabu," akasema.

Akaketi kando yangu kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akanipangusa majani kichwani. Tulikaa hivyo sijui muda gani, hakuna aliyeomba wala aliyesoma. Nilipumzika kuliko nilivyokuwa nimepumzika muhula wote.

"Hiyo Ijumaa unaingia saa ngapi?" akauliza baadaye.

"Si Ijumaa, Anti. Ni Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Hii ya kesho kutwa."

"Barua ilikuwa imelowa. Tarehe haikuonekana, nikakisia." Akaanza kuvaa viatu, akaviacha. "Unaona sasa? Si ungeniambia!"

Akasimama, akafunga kitambaa upya, akarudi upande wa pili wa kichaka kwa haraka.

"Baba," nikamsikia, "ni mimi tena. Ile Ijumaa, hebu tuiache kwanza."