Mtulinga wa Mke wa Baroni

Mlinda mlango asiyejua nani katoka na nani kaingia, huyo ni zulia. Mimi nimekaa mlango wa nyumba hii ya mtaa wa Batignolles miaka kumi na tisa, na zulia sikuzaliwa.

Kwa hiyo Léontine wa ghorofa ya tano alipoanza kutoka kila Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nilimwona. Alikuwa mshonaji katika duka la mavazi ya wakubwa karibu na Opera, na saa ile washonaji wote wako kazini wameinamia sindano. Yeye anapita kwangu na sanduku kubwa la nguo, shingo kaiosha inang'aa. Jioni anarudi mikono mitupu, uso umemwiva.

"Kazi nyingi, binti yangu?" nikamuuliza.

"Nyingi, Mama Pruvost." Na macho yake ukutani.

Ijumaa moja niliiacha supu jikoni nikamfuata. Akapanda hadi ile barabara kubwa ya karibu na kuta za mji, akaingia kwa Rusconi mchoraji. Nani asiyemjua Rusconi? Kimo chake hakifiki ufagio wangu, lakini wake za matajiri walipigana vikumbo ili awachore. Alichora kwa haraka mno, hariri ikaonekana inakimbia ubaoni. Tena ilisemwa hakuna mwanamke aliyetoka kwake na nywele zile alizoingia nazo. Nikarudi nyumbani, supu imeungua, roho yangu kwatu.

Mume wake, Anselme, aliendesha gari la farasi la kukodi. Nilimngoja ngazini.

"Mkeo siku hizi anashonea wapi, baba?"

"Dukani. Wapi tena?"

"Haya. Labda duka limehamia kwa Rusconi."

Kuta zetu nyembamba, na mimi pale ngazini sikuziba masikio. Anselme aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali. Léontine akajibu neno lile lile: "Siwezi kukwambia. Niliapa."

"Uliapa kwangu kwanza, tena kanisani."

Akachukua blanketi akahamia zizini, kwa farasi wake. Alisema akipata hakika hatapanda ngazi zile tena maishani. Miezi mitatu akawa anakuja kubadili shati tu, na kila akija anauliza, "Ulikuwa na nani?" Mkewe anainama kwenye cherehani.

Mwezi wa tano yakafunguliwa maonyesho makubwa ya picha, na Jumapili watu kama sisi tukaruhusiwa kuingia. Anselme akaja mlangoni kwangu na koti lake la harusi.

"Wewe ndiye uliyeona. Twende ukanionyeshe."

Mbele ya picha ya Rusconi watu walisongamana hadi kofia zikagongana. Aliyechorwa alikuwa mke wa Baroni de Vaubrun, amevaa hariri nyeusi, mabega wazi, mwili umeinama mbele kidogo kama mtu anayetaka kuondoka. Sura ilikuwa ya mwenyewe, maana nilikwisha kumwona garini. Nilifadhaika. Léontine wangu yuko wapi hapa?

Anselme hakuitazama sura. Alitazama chini ya shingo, upande wa kushoto, pale mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ulipotuna kifundo kidogo.

Baroni mwenyewe alikuwa kando, akiwaeleza wageni wake. "Mnaona mfupa ule? Wa ukoo wao tangu enzi za wafalme. Damu haifichiki."

"Haifichiki kweli," mabibi wakaitikia, na mmoja akajipapasa shingo yake kwa wivu.

"Ukoo gani?" Anselme akaninong'oneza. "Léontine alianguka kwenye ngazi za kwa dobi akiwa na miaka saba. Mfupa ukaungwa vibaya. Amemwazimisha mwili wake, Mama Pruvost. Yule bibi alikuja kutoa sura tu."

Basi ndicho kiapo chenyewe: duka lilimtuma na gauni la bibi, asimame badala yake, wala asimwambie mtu. Baroni akageuka kumtazama huyu mwendesha gari anayenong'ona. Neno moja tu, na Léontine angefukuzwa dukani siku hiyo hiyo. Anselme akavua kofia.

"Mfupa wa kiungwana, bwana," akasema. "Inaonekana."

Tukarudi nyumbani. Akapanda ngazi hadi juu, nami nikamfuata mpaka ghorofa ya nne na ufagio wangu, maana nako kulikuwa na vumbi.

"Umeona nini huko?" Léontine aliuliza.

"Nimemwona mke wa baroni."

"Mzuri?"

"Amechoka. Watu wote wanasema anataka kukimbilia dansi. Mimi nimeona miguu inamuuma."

Nikamsikia Léontine akilia, na maneno yakimtoka katikati ya kilio.

"Kwa saa nne nzima nasimama bila kutikisika, Anselme. Miezi mitatu unaniuliza nilikuwa na nani. Hata siku moja hukuniuliza kwa nini miguu imevimba."

Hata mimi, niliyeiona miguu hiyo ikipanda ngazi zangu kila Jumanne na Ijumaa, sikuwahi kumuuliza.