Mama Aliyapiga Maji

Likizo hii niliwapeleka wanangu baharini. Walipokimbilia majini wakicheka, nilijikuta nimeokota fimbo na kuanza kuyapiga mawimbi.

Kiangazi kimoja nilipokuwa mtoto, kisima chetu kilikauka, mama akatupeleka kuoga Mto Kilombero. Upepo ulinuka matope na kambale waliokaushwa kwa moshi. Mama alisimama kati yetu na matete, akiyapiga maji kwa kafi, pu! pu!, nasi tukacheza, tukidhani anatupigia ngoma.

“Mama, njoo uoge!”

“Ogeni nyie. Pigeni kelele.”

Hakugeuka kututazama. Sikujua bado kwamba kaka yangu, ambaye niliambiwa alikufa kwa homa, alikuwa amechukuliwa na mamba pale pale.

“Baba, unampiga nani?” mwanangu aliniuliza.

Niliendelea kuyapiga mawimbi.