Verna wa Chini ya Maji

Siku mwimbaji Dorian Lake alipozama mbele ya kamera, Verna Tuttle alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa la studio pamoja na wasichana wenzake, miguu majini, donati mdomoni. Wengi walidhani ni maigizo. Picha ya sinema waliyokuwa wakiipiga ilikuwa na vituko vya kila namna: yungiyungi la bandia kubwa kama meza ya karamu, chemchemi zinazopanda na kushuka kwa muziki, moshi wa waridi na wa manjano. Shujaa kwenda chini huku mkono mmoja umebaki juu unapunga halikuwa jambo la kumshtua mtu. Verna ndiye aliyeutazama ule mkono vizuri. Mkono wa mwigizaji hupunga kwa madaha. Ule ulikuwa unatafuta kitu cha kushika. Akaitupa donati, akajitosa.

Alimtoa Dorian kamng'ang'ania shingoni kama kupe. Bwana Garrity, mwongozaji wa picha, alishuka kwenye kiti chake kirefu akaja kumsimamia pale alipolazwa.

"Bwana Lake, si ulituambia unaogelea kama samaki?"

Dorian akakohoa maji. "Sikusema samaki gani."

"Samaki wa kopo," akasema Hazel Mapes kutoka nyuma, na wafanyakazi wote wakaangua kicheko, isipokuwa Garrity.

Hazel alikuwa msusi wa wasichana wa bwawani. Kila asubuhi alipasha moto sufuria ya vazelini na mafuta ya watoto wachanga, akawapaka nywele zikagandamana, kisha akazibana kwa pini mpaka hata tufani isingezitikisa. Mikono yake ilikuwa laini kwa ajili ya mafuta hayo. Ulimi wake haukuwa umepakwa chochote.

Verna naye alikuwa mtu wa Long Beach, mji wa bandari, binti wa mjane aliyepangisha vyumba kwa vibarua wa visima vya mafuta. Baba yake alimfundisha kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alikuwa na ndoto ya kushindana kwenye mashindano makubwa ya dunia, lakini vita vikaja, mashindano yakafutwa, naye akaishia kuunga vyuma kwenye gati la meli. Vita vilipokwisha, studio ikatangaza inatafuta wasichana wanaoweza kutabasamu chini ya maji macho yakiwa wazi. Verna aliweza. Wenzake walikuwa wakisema kazaliwa na pafu la akiba, maana alikaa chini mpaka watu wa juu wakaanza kutazamana.

Ndiyo maana Garrity, baada ya kuzunguka bwawa mara kadhaa akiguna, alisimama mbele yake.

"Tuttle, wewe una pumzi. Shuka chini umshike huyu asizame. Kamera isikuone."

"Nimshike wapi, bosi?"

"Popote patakapomzuia kufa."

Basi akafungwa mkanda wenye vipande vya madini ya risasi kiunoni ili asielee, akazama. Juu, Dorian alimwimbia bibi nyota, mwigizaji mkuu wa kike, aliyekuwa amelala kwenye yungiyungi kama malkia. Chini, Verna alimshika nyonga, akapiga miguu kwa nguvu, akamwinua. Wimbo wa mapenzi ulimfikia kama mngurumo wa mashine ya kufulia. Alichokiona ni miguu miwili ya mwanamume inayotetemeka. Katika jaribio la tatu, mmoja wa miguu hiyo ulimpata jichoni.

Jioni aliingia nyumbani wakati wapangaji wako mezani. Mama yake alishusha bakuli la viazi.

"Nani kakupiga?"

"Dorian Lake."

Vijiko vyote vikasimama hewani. "Dorian Lake yule yule?" akauliza kibarua mmoja.

"Yule yule. Kanipiga teke huku anamwimbia mwanamke mwingine."

"Haya, angalau safari hii nitakuona pichani," akasema mama.

"Hutaniona, mama. Mimi niko chini yake."

"Wewe kila picha uko chini, au uko nyuma, au uko kichwa chini miguu juu. Mwanangu, nimeshazikariri nyayo zako kuliko uso wako. Juzi nimemwambia jirani yetu Bi Pruitt, 'Huyo ndiye Verna wangu,' kumbe ni nyayo za mtoto wa watu." Akamwekea kipande cha nyama mbichi juu ya jicho kupunguza uvimbe, akakaa kula.

Kesho yake asubuhi, Hazel akiwa katikati ya kumpaka Verna mafuta, Dorian alibisha hodi mlangoni kabeba pai ya cheri kwa mikono miwili. Alivaa suti nzuri, ila alisimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Nimekuja kuomba radhi kwa lile jicho," akasema. "Pai sikuoka mimi. Singekufanyia ubaya mara mbili."

Verna akacheka. Wakaikata kwa chanuo la Hazel, kwa kuwa kisu hakikuwepo, na Dorian akaketi juu ya ndoo akajieleza. Alitoka Kansas, kwenye ngano mpaka upeo wa macho. Jina alilozaliwa nalo ni Delbert Stumpf. Studio ndiyo iliyombandika hilo la Lake, yaani ziwa, kwa kuwa linapendeza kwenye mabango. Hata jina lake, kwa kweli, halikuwa lake.

"Ziwa linaloogopa maji," akasema Hazel.

"Dada, kwetu maji yalikuwa ya ng'ombe. Nikiwa mdogo nyumbu wetu wa kukokota jembe alinisukuma ndani ya birika lao la kunywea. Nilipoibuka, alikuwa anatafuna kofia yangu."

"Nyumbu alikuwa na akili. Alijua utakuwa mwimbaji."

Delbert, maana baada ya siku ile hawakumwita tena Dorian, alimgeukia Verna. Kulikuwa na tamasha la mwisho la picha, ambapo shujaa anavuka bwawa lote kumfuata mpenzi wake. Lilikuwa majuma kadhaa mbele. "Nifundishe," akasema. "Sitaki kuwa mtu wa kushikwa nyonga. Nimepewa nyumba yenye bwawa, nimeishi mwaka mzima sijaingiza hata kidole."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema Verna. "Jumapili tutakuja."

Alisema tutakuja kwa sababu alimjua mama yake. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba Hazel awepo, kwani nyumba ya mwanamume mwimbaji si ya kwenda peke yako. Hazel alikubali kwa sharti kwamba kutakuwa na chakula.

Bwawa la Delbert lilikuwa limejaa majani ya mikalitusi, na chura mmoja aliyejiona ndiye mwenye nyumba. Jumapili ya kwanza Verna hakumtaka aogelee. Walikaa kwenye ngazi, maji kiunoni, wakipuliza mapovu. Ya pili alimlaza chali, kiganja chake kimoja chini ya mgongo.

"Unagombana nayo," akamwambia. "Acha shingo. Maji hayana haja na wewe, Delbert. Ukiyaacha yanakubeba tu."

"Kama yanavyombeba chura," akadakia Hazel kutoka kwenye kiti chake, sandwichi mkononi. "Mwangalie mwenzako, hata hajasoma."

"Verna, huyu lazima aje?"

"Lazima. Mama kasema."

Kila Jumapili Hazel alimpasha. Alimwita gunia la ngano, alimwita nanga, alimuuliza kama angependa nyumbu aletwe asaidie. Delbert naye akaanza kumjibu, na ajabu ni kwamba kadiri alivyomjibu ndivyo alivyosahau kuogopa. Jumapili ya nne alielea bila kiganja. Alilala juu ya maji mikono wazi, akitazama juu, akatabasamu kama mtu aliyeambiwa siri. Kisha akasimama, maji yakimchuruzika puani.

"Haya, dada wa mdomo. Zamu yako. Shuka."

"Nywele zangu," akasema Hazel.

"Si una vazelini?"

Hazel akaiuma sandwichi yake. Verna aligeuka kumtazama, kwa sababu katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwona akikosa jibu. Ndipo alipogundua kiti cha Hazel kiko mbali na bwawa, kimeegemezwa ukutani kabisa. Akakumbuka kuwa hata studio, Hazel alimpaka mtu mafuta huku mgongo wake uko ukutani.

"Hazel. Unajua kuogelea?"

"Najua kupika supu."

"Hazel."

"Sijui, basi. Mmefurahi?" Hazel akaiweka sandwichi chini. "Miaka yote nawapaka mafuta, nikirudi nyumbani naota nimezama. Nani angemwajiri msusi wa bwawani anayeogopa bwawa?"

Verna alicheka mpaka akanywa maji. Delbert ndiye ambaye hakucheka. Alitoka majini, akamwendea, akamnyooshea mkono unaodondosha maji. "Njoo kwenye ngazi," akamwambia. "Tunaanza na mapovu. Chura hana neno."

Toka hapo Verna akawa na wanafunzi wawili, na kusema kweli wa pili ndiye aliyekuwa mgumu. Lakini Delbert alimfundisha yote aliyofundishwa, neno kwa neno, mpaka Verna akiwasikia alijisikia yeye mwenyewe kwa sauti ya mwanamume. Mara nyingine aliwaacha ngazini, akaogelea peke yake upande wa kina kirefu, chini kabisa, mahali alipopapenda zaidi duniani.

Siku ya tamasha la mwisho ikafika. Wasichana wakapangwa kama petali, chemchemi zikafunguliwa, moshi ukapanda, bibi nyota akainuliwa juu ya nguzo ya maji. Garrity hakutaka kubahatisha.

"Tuttle, chini."

"Bosi, sasa anaweza."

"Hata mama yangu huniambia anaweza kuendesha gari. Chini."

Akazama na mkanda wake. Delbert akaingia. Verna alimshika nyonga kama kawaida, wakasafiri pamoja, yeye chini, mwenziwe juu, na walipofika kama theluthi ya bwawa akahisi mikononi mwake uzito ukipungua. Miguu iliyokuwa ikitetemeka sasa ilikuwa inapiga kwa mpango. Akalegeza vidole. Akaviachia. Delbert akaenda.

Verna alibaki pale chini, mikono mitupu, akiyatazama mapovu ya mtu anayekwenda mwenyewe. Akajikuta anatabasamu, na hakuna aliyemwagiza.

Ila Delbert alizidisha. Furaha ilimpanda kichwani akampita bibi nyota, akaipita nguzo ya maji, akaogelea mpaka ukuta wa mbali, akaugusa, akageuka akicheka. Wimbo wa mapenzi uliokuwa ukipigwa kwenye sahani ya santuri uliendelea kuimba bila mdomo.

"Bwana Lake," akaita Garrity kwa kipaza sauti, "mpenzi wako umemwacha kituoni."

Walirudia mara nyingi mpaka jua likashuka. Yule bibi nyota, ambaye kwa kawaida hakupenda kurudia, siku hiyo naye alikuwa akicheka.

Sasa, Verna hakuwa jiwe. Jumapili mbili tatu alikuwa amechagua nguo ya kuogelea iliyo mpya kidogo kuliko ilivyohitajika. Kwa hiyo asubuhi moja, wiki chache baadaye, Hazel alipompaka mafuta kichwa kile kile mara mbili huku akiimba wimbo wa ile picha kwa sauti ya kuharibu, Verna alijua kabla hajaambiwa.

"Shoga," akasema Hazel, "Delbert kaniomba."

"Kakuomba nini?"

"Kaniomba nimtukane maisha yake yote."

Ilimuuma. Ilimuuma kama maji yanapokuingia puani: yanachoma mpaka machoni, unafikiri hutapona, kisha unapenga, yanakwisha. Alisimama akamkumbatia Hazel na vazelini yote, wakashikamana kama maandazi mawili kwenye kikaango kimoja, na mwisho ikabidi wote wawili wabadili nguo.

Miaka michache baadaye watu wakaanza kukaa nyumbani kutazama televisheni, na picha za bwawani zikapungua. Masikio ya Verna nayo yalikuwa yamechoka. Daktari alimchungulia kwa kioo, akamwambia kina kirefu basi. Alilia siku hiyo ndani ya tramu, waziwazi, na mama mmoja asiyemjua akampa leso bila kuuliza.

Ila Delbert alikuwa na mdomo mpana kama mkewe, Hazel. Kila mahali alipokwenda kuimba alieleza jinsi alivyofundishwa, na watu wakubwa kwa wadogo wakaanza kumnong'oneza kuwa hata wao, kwa kweli, hawajui. Alikuwepo mwigizaji wa picha za vita vya baharini. Alikuwepo mke wa muuza maboti. Verna akaomba asubuhi za Jumamosi kwenye bwawa la mji wa Culver City, upande wa maji mafupi tu, akaweka tangazo: watu wazima wanaoogopa, karibuni.

Jumamosi ya kwanza walikuja tisa. Mmoja alikuwa mzee, dereva wa tramu aliyestaafu, Bwana Oskar Fenn, na nguo yake ya kuogelea ya sufu ya zamani iliyofika magotini na kofia ya kazi kichwani. Alishuka ngazi moja, akasimama. Wenzake wote wakaingia. Yeye alibaki palepale, kashika reli kwa mikono miwili, akitazama mbele kama anayesubiri taa ya kijani.

Verna hakumvuta. Alikwenda akasimama kando yake, wakazungumza habari za njia za zamani za tramu, ipi ilikuwa na kona mbaya, ipi ilikuwa na abiria wakorofi. Wakati mzee anasimulia, Verna akapiga hatua moja mbele, naye akafuata ili asikike. Wakapiga nyingine. Aliposhtuka yuko katikati ya bwawa, maji kifuani, kofia kavu.

Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Wiki ijayo nitamleta mke wangu," akasema. "Yeye anaogopa kunizidi, ila hapendi kusema."