Karatasi za Wifi Yangu

Kaka yangu alipoondoka Nakuru kwenda Amerika kusoma, aliniahidi mbele ya mama kwamba akishatulia atanitafutia chuo cha uuguzi na kunivuta huko. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nikifundisha watoto wadogo katika shule ya kanisa bila mafunzo yoyote, na ahadi ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi.

Baada ya miaka mitatu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, barua ilikuja. Niliisoma kwa sauti kwenye nyumba yetu ya landi, makazi ya wafanyakazi wa reli, baba akiwa bado na nguo zake za kazi za karakana ya reli. Kaka alikuwa amehitimu, amepata kazi na ruhusa ya kukaa kule. Nikafika ukurasa wa pili. Alisema sasa anamtaka mkewe, na kwamba mimi, kwa kuwa ndiye ninayejua Kiingereza, nimtayarishie karatasi zote. Kuhusu chuo changu hakuandika hata neno moja.

Mkewe alikuwa pale pale, akimenya viazi. Alikulia Molo, kwenye shamba la Mzungu, akichuma pareto tangu utotoni, na shule hakuiona. Kaka alimwoa miezi michache tu kabla ya kusafiri akamwacha kwetu, akawa analala kitanda kimoja na mimi. Hatukuwahi kugombana. Siku ile aliendelea kumenya viazi huku machozi yakimtoka, na mimi nikamtazama nikaona ameketi mahali pangu.

Karatasi zilikuwa nyingi. Cheti cha ndoa tulikipata kwa mchungaji. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kwa hiyo baba yake aliteremka kutoka Molo akaapa mbele ya hakimu kwamba huyu ni mwanawe, alizaliwa mwaka wa nzige. Hakimu akauliza ni mwaka gani huo kwa kalenda, na mimi ndiye niliyeuhesabu. Polisi walimchukua wifi alama za vidole. Ada za pasipoti na za ubalozi kaka alizituma posta, jina la kupokea likiwa langu. Nilizipokea, nikazipeleka palipohitajika, nikarudi na risiti za mtu mwingine.

Siku ya picha mama aliniambia nimwazime koti langu la bluu. Nilikuwa nimelinunua kwa mishahara ya miezi, kwa safari yangu mimi, na zaidi ya kulijaribu dukani sikuwa nimelivaa. Mpiga picha akamwambia ageuze kichwa kidogo, sikio lionekane. Koti lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Pale hospitalini alipopigwa picha ya kifua, nilikaa kwenye benchi nikitamani daktari aone doa. Nalisema hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Daktari alituambia mapafu ni safi kabisa.

Halafu ikaja barua ya ubalozi yenye siku ya mahojiano. Ilisema Jumanne, tarehe kumi na mbili, saa tatu asubuhi. Wifi alisimama mbele yangu akingoja.

"Tarehe ishirini na mbili," nilimwambia.

Sikuwa nimepanga. Nilikunja barua nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kuchota maji. Siku zilizofuata nilifundisha, nilipika, nilikula, na kila siku iliyopita bila mimi kusema ilizidi kunifunga mdomo.

Jumapili, baada ya kanisa, alinikuta nyuma ya nyumba nikianua nguo. Siku iliyotangulia alitaka kujua kama ile picha ya kifua ni ya kubebwa au hospitali huituma yenyewe, na kwa kuwa sikuwepo, aliipeleka barua kwa karani wa stesheni amsomee.

"Wifi," alisema, "ni keshokutwa."

Nilivuta shuka kutoka kwenye kamba.

"Nimemwambia mama nilichanganya tarehe mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakuhitaji Nairobi. Nikikusema leo, baba atakukataza kwenda, na mimi sina mdomo mwingine wa Kiingereza. Yetu tutayamaliza nikishapata karatasi."

Hakuwa na hasira usoni. Alinisaidia kuanua nguo zilizobaki, akazikunja.

Jumatatu tulipanda gari la moshi, tukalala kwa shangazi yetu Nairobi. Asubuhi ile ubalozini tulikaa mbele ya Mzungu mmoja mpole, mwenye kalamu ya wino. Alimuuliza walifungia wapi ndoa, nani alisimamia, waliishi pamoja muda gani. Mimi nikawa natafsiri. Mwisho akamuuliza kwa nini anataka kwenda. Wifi alifikiri, kisha akajibu kwa Kiswahili kwamba amekaa na mama mkwe miaka mingi kuliko alivyokaa na mume, na anataka kwenda kuona kama bado anamfahamu.

Ningeweza kulipinda jibu lile. Mtu yule alikuwa akiningoja mimi, na wifi naye alikuwa akinitazama mdomo. Nilitafsiri neno kwa neno. Mzungu akatabasamu, akaandika, akatuambia turudi saa nane kulipa ada iliyobaki na kuchukua viza.

Tulingoja nje, ukutani kwenye jua. Aliniuliza kama kweli nilitaka aikose. Nilimwambia ndiyo. Akasema, "Mume wangu sitamwambia. Lakini usinitume nikuombee chuo kwake. Hilo siwezi."

Nilisema nimesikia.

Aliondoka mwezi uliofuata. Mama aliamua koti aende nalo, na sikupinga. Tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, na alipopanda ngazi bila kugeuka nyuma, roho iliniuma vile vile kama siku ya barua ya kwanza. Kaka hakutaja chuo tena, na mimi sikumkumbusha. Mwaka mmoja baadaye niliomba mafunzo katika hospitali ya hapo hapo Nakuru, nikapokelewa, nikawa muuguzi.

Mama alipenda kuwasimulia wageni jinsi mkwe wake alivyokaribia kukosa Amerika kwa kusahau tarehe. Walicheka, nami nilicheka nao. Wifi aliishi kule, akazaa watoto wanne, akazeeka. Tulisalimiana kwenye barua kwa heshima, yeye akiniulizia afya yangu, mimi nikimuulizia watoto. Kila bahasha yake ilipofika, nilimaliza kwanza kazi niliyokuwa nayo mkononi ndipo nikaifungua.